Mbao Kumi na Mbili na Mama Mkwe Mmoja

Alhamisi, 3 Julai 2025. Mbuba, Ngara.

Simu kutoka Mwanza saa nne asubuhi. Niliiacha iite kwanza, nionekane mtu mwenye shughuli. Ikakatika. Nikapiga mwenyewe, mbio.

Alikuwa Bi Anneth, msimamizi wa jumba la sanaa. Maonyesho yangu yamepitishwa! Ukumbi mzima, mbao kumi na mbili, kuanzia tarehe 2 Agosti. Si kama Bukoba, nilikogawana ukuta na msuka vikapu. Si kama Dar, ambako mbao zangu mbili zilitundikwa nyuma ya mlango, na mlango ulikuwa wazi kutwa. Safari hii ni mimi tu. Novatus Ndizeye, msanii wa picha zisizo na sura. Nilimwambia mke wangu Clarisse, aliyekuwa anasahihisha madaftari ya darasa la tano. Akasema hongera, halafu akaniomba nikachote maji.

Kisha habari ya pili. Bi Anneth anakuja hapa nyumbani Jumanne tarehe 15, na kamera, anirekodi nikiwa kazini. Hasa anataka kuona ninavyojenga matuta.

Hapa niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Picha zangu ziko hivi: ubao, na juu ya ubao matuta ya samadi ya ng'ombe yaliyokauka, yamenyooka na kupinda kwa pembe safi, kama shamba la viazi lililolimwa na mtu mwenye rula. Juu ya matuta mimi nabandika vitu. Vipande vya maturubai ya zamani ya wakimbizi, vizibo vya soda, maganda ya maharage, vocha za kukwangua. Kisha rangi. Watu husimama mbele yake. Wengine huinamisha kichwa upande. Katika kitabu cha maonyesho ya Dar nilieleza kwamba matuta ni mbinu niliyoibuni mwenyewe baada ya miaka tisa ya utafiti.

Matuta ni ya mama mkwe. Bi Kanyange, wa Nemba, wilaya ya Biharamulo. Alifundishwa na mama yake ng'ambo ya mto Kagera kabla hawajahamia huku, na huyatengeneza kwa ajili ya kupamba sebule. Kila Clarisse akienda kumsalimu hurudi na ubao mmoja, zawadi ya nyumba yetu. Nyumba yetu haijawahi kupambwa hata siku moja. Zimebaki mbao kumi na moja, na zote nimeshazipaka rangi.

Miaka tisa ya utafiti ni miaka tisa ya ndoa. Katika hiyo yote sijawahi kushika samadi kwa mkono.

Lakini nimepata nafuu. Amesema tarehe 15. Angeweza kusema kesho.

Ijumaa, 4 Julai.

Nimeanza kujifunza. Kuna ugumu gani? Samadi ni samadi.

Jirani yangu Audax ana ng'ombe wawili: mmoja wa kisasa, wa maziwa, na mmoja wa kienyeji, kizee chenye pembe ndefu kinachoitwa Bihogo. Nilichukua samadi ya yule wa kisasa kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu na uzio. Kumbe anakula pumba na molasi. Kilichotoka kwake ni uji. Nilijenga tuta la kwanza, likatelemka ubaoni, likapita mezani, likaishia katika kiatu changu cha maonyesho.

Celestini akapita saa hiyo hiyo. Lazima angepita. Huyu ndiye msanii mwingine wa Mbuba. Anachora tembo mbele ya mlima Kilimanjaro, na kuandika majina ya maduka. Tembo wake mmoja ana miguu mitano, ila yeye hushikilia kwamba wa tano ni mkonga. Aliuliza kama ninakandika nyumba au ninakandika viatu. Nikamjibu kwamba kazi ya sanaa ya kisasa haielezeki barabarani. Akasema ndiyo, hata harufu yake haielezeki.

Nimeosha kiatu mara tatu. Nafuu ni kwamba Bi Anneth hayuko hapa.

Jumamosi, 5 Julai.

Nimemwomba Clarisse amuulize mama yake namna ya kuchanganya. Kwa ujanja tu, asijue ni kwa ajili ya nani. Clarisse amekataa. Amesema niende nikaulize mwenyewe.

Anajua kabisa kwamba haiwezekani. Huku kwetu mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja. Hawali pamoja, hawaitani majina, wakikutana njiani mmoja anaingia shambani. Ni heshima. Katika miaka tisa nimeuona mgongo wa mama mkwe mara kumi na moja, na uso wake mara moja, siku ya harusi, kwa bahati mbaya. Nitaanzaje kukaa naye tukikanda samadi kwenye karai moja?

Clarisse akasema basi mwambie Bi Anneth ukweli. Nikamwambia ukweli utafuta maonyesho, utafuta kitabu cha Dar, na Celestini atacheka hadi Krismasi. Jina langu litabaki la mtu wa kubandika vizibo. Akanitazama juu ya miwani yake, akasema hivyo ndivyo nilivyo, na kwamba yeye aliolewa na mtu wa vizibo akijua. Halafu akarudi kwenye madaftari yake.

Sikukasirika. Nilikwenda nje nikapiga ndoo teke. Ilikuwa na maji.

Jumapili, 6 Julai.

Nimepata hila! Mama mkwe huwa kanisani tangu saa mbili hadi saa sita. Banda lake la kazi liko nyuma ya zizi na halina mlango. Naingia, natazama, natoka. Hakuna mila inayokataza kutazama banda.

Niliondoka na pikipiki alfajiri. Ilizima mara nne kabla ya Nemba. Mara ya tatu niliisukuma kupanda kilima, na mzee mmoja aliyekuwa anateremka akanipa pole kwa msiba. Nilifika saa sita kasoro dakika chache.

Ndani ya banda: ubao uliojengwa nusu, ndoo ya samadi nzito, nyeusi, ya ng'ombe wa kienyeji. Nikagundua siri! Kienyeji, si kisasa. Kando ya ndoo palikuwa na lundo kubwa la majivu ambalo hakuna aliyelizoa. Nilisikitika kidogo. Hata mafundi wakubwa wanaweza kuwa wachafu.

Ndipo nikasikia wimbo wa kanisani ukija njiani. Nikakimbilia kibanda cha ndama, nikalala chini. Ndama akaanza kunilamba sikio.

Mama mkwe akasimama uani. Pikipiki yangu ilikuwa imeegemea mparachichi, na nyuma yake nimeandika NOVATUS kwa rangi nyekundu. Halafu akasema kwa sauti, bila kumlenga mtu: "Kama nyuma ya zizi kuna mtu, chakula kimefunikwa mezani. Mimi nakwenda kwa jirani. Narudi saa tisa."

Nikasikia hatua zake zikienda. Nilikuta ndizi kwa maharage, bado zina joto. Nikala zote.

Nimefika nyumbani salama. Hakuniona, nami sikumwona. Heshima imelindwa na siri ninayo. Nafuu kubwa!

Jumanne, 8 Julai.

Nimechukua madebe mawili ya samadi ya Bihogo. Audax alifurahi kuniona, maana alikuwa anatafuta mtu wa kumlalamikia. Jana kizee hicho kilikata kamba kikala nusu ya ulezi wake uliokuwa umeanikwa kwenye turubai. Kila siku kinaiba ulezi. Nikampa pole, nikachota.

Samadi safi kabisa. Nzito, inashikika. Hadi saa sita nilikuwa na matuta manane yamesimama. Nilimwita Clarisse aje aone. Alisema yanafanana na minyoo. Nikasema minyoo iliyopangika.

Saa nane jua likaingia kazini. Tuta la kwanza likapasuka. Kisha la pili. Kufikia saa kumi yote yalikuwa yamebanduka ubaoni na kuanguka, moja moja, na kuku wa Audax wakaja kuyapekua.

Sababu nimeshaielewa: jua. Dawa yake ni maji.

Alhamisi, 10 Julai.

Ubao mpya, matuta mapya, samadi ile ile ya Bihogo. Safari hii niliufunika kwa magunia yaliyolowa, nikauweka kivulini nyuma ya jiko. Naumwagilia asubuhi na jioni. Hakuna ufa hata mmoja!

Celestini amepita mara mbili. Ameuliza kama ninaatamia mayai. Halafu akasema, kama mzaha, kwamba amesikia kuna mama wa Mwanza anayekuja, na kwamba huenda mama huyo atapenda kuona na tembo. Amesikia kwa nani? Clarisse anasema ni mimi niliyemwambia, Jumapili, na sokoni Jumatatu, na tena Jumatano kwa kinyozi.

Inawezekana.

Jumatatu, 14 Julai.

Nimefunua magunia saa moja asubuhi.

Ubao umeota.

Si ufa, si ukungu. Umeota! Majani mabichi, membamba, urefu wa kidole, yamejaa kila tuta. Ulezi. Bihogo ameula mzima na ameutoa mzima, na mimi nimeumwagilia siku nne mfululizo. Nina shamba la ulezi juu ya ubao, na kesho saa nne Bi Anneth anakuja na kamera.

Nilikaa juu ya ndoo. Nilimwona kichwani Bi Anneth akiniuliza, nami nikisema nini? Kwamba ni mbinu? Nilikuwa nimekwisha. Ukumbi, Mwanza, jina. Sijawahi kutaka kitu kama ninavyotaka maonyesho haya, na ninaandika hivyo bila utani.

Clarisse alikuja akatazama. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema alishampigia mama yake tangu Alhamisi, aliponiona namwagilia ubao. Mama yake anaingia leo jioni na basi, na atalala kwa Mwalimu Wema, mwenzake Clarisse wa shuleni, kwa kuwa hawezi kulala chini ya paa la mkwe. Pia amesema majivu ndiyo yanayoua mbegu na kuzuia nyufa. Mtoto mdogo anajua.

Majivu! Lile lundo!

Sikusema nililiona.

Hila ya mwisho, na hii ni nzuri. Mama mkwe anaanza saa kumi na mbili asubuhi, uani, mimi nikiwa ndani. Saa tatu anamaliza ubao wa kumi na mbili na kuondoka. Saa nne Bi Anneth anafika, matuta yako tayari, nami nasema: samahani, hatua hii hufanyika alfajiri, na mwanga wa kamera huiharibu. Kisha namwonyesha vizibo. Naona nafuu tayari.

Jumanne, 15 Julai.

Naandika usiku.

Mama mkwe alianza saa kumi na mbili kamili. Nilikaa chumbani nikisikiliza. Vidole vyake vikipiga samadi vilikuwa na sauti ya mtu anayekanda unga bila haraka. Kila kitu kilikwenda sawa hadi saa moja na nusu.

Saa moja na nusu nikasikia sauti ya Celestini kwenye uzio, imejaa sukari. Alikuwa amemfuata Bi Anneth gesti tangu saa kumi na mbili na tembo wawili kwapani, akamwambia wasanii wa Ngara huanza kazi mapema, akajitolea kumleta. Kupitia dirishani nikaona Bi Anneth akiingia uani, akitoa kamera, akisema: "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Samahani, mikono yangu ni michafu."

Na mimi niko ndani! Mama mkwe yuko uani. Siwezi kutoka. Nikitoka tutakabiliana uso kwa uso mbele ya kamera, na kwa watu wa hapa hilo ni baya kuliko uongo wowote. Niliona kila kitu kupitia nondo za dirisha. Bi Anneth aliuliza hiki ni nini, na kile, na mama mkwe akajibu kila swali, kwa Kiswahili chake cha polepole. Ndama mdogo ndiye mwenye samadi nzuri. Majivu hivi. Kidole hiki kwa tuta, kidole hiki kwa pembe. Alirekodiwa saa nzima. Clarisse alileta chai. Celestini alikaa kwenye kiti changu, tembo miguuni, akitabasamu.

Nikaamua kutokea dirisha la nyuma. Kiuno kilikwama. Kilipokwamuka kilikuja na fremu. Nilipita kwenye migomba ya Audax, nikazunguka, nikatokea njia kuu kama mtu anayerudi kutoka kazini, nimejifunika kitenge cha Clarisse kichwani nisione wala nisionwe. Mama mkwe alisikia hatua zangu. Akajifunika naye, akanipa mgongo, mikono bado ndani ya karai.

Mgongo wa kumi na mbili.

Bi Anneth akatutazama, mmoja na mwenzake, wote tumejifunika. Alidhani kuna msiba. Clarisse akamweleza mambo ya ukwe. Akaelewa, kisha akauliza taratibu: "Bwana Novatus, matuta haya ni ya nani?"

Celestini akaegemea mbele. Midomo yangu ilikuwa tayari kusema kitu. Sijui nini. Lakini mama mkwe alitangulia, akiongea na karai.

"Clarisse, mwambie mgeni. Matuta ni yangu. Nimeyajenga tangu sina meno ya mbele. Nikimaliza, ubao ni ubao tu, watu wanaingia sebuleni wanakaa. Akija yeye na makorokoro yake, ndipo watu wanasimama. Mimi sijui anafanyaje. Ile picha ya turubai niliiona kwa simu yako. Turubai lile nilililalia mwaka wa kwanza tulipovuka. Nilisimama hata mimi."

Mimi nililia. Nilikuwa nimejifunika, kwa hiyo haikuonekana, ila kitenge kililowa. Miaka yote nilidhani akijua nimemwibia atanidharau. Kumbe alijua. Alikuwa akijenga mbao zile akijua zinakwenda wapi.

Nikasema, kupitia kwa Clarisse, kwamba nilidanganya katika kitabu. Nikasema ni kweli, matuta ni ya mama. Bi Anneth akazima kamera. Kisha akasema maonyesho yatakuwepo, na kila kibandiko ukutani kitakuwa na majina mawili, au hakuna maonyesho. Nikasema mawili. Ningesema hata manane.

Nafuu niliyopata siwezi kuielezea. Ni kama kuvua kiatu kilichobana miaka tisa. Nimekula sahani mbili za wali. Nimeapa hapa, kwa maandishi, kwamba sitadai tena kitu nisichokijua.

Celestini alimwonyesha Bi Anneth tembo. Bi Anneth alihesabu miguu. Akasema atampigia simu.

Jumamosi, 19 Julai.

Lazima nimshukuru mama mkwe. Kuna zawadi ya kufungua ukwe: mkwe akitoa ng'ombe, mama mkwe anaweza kula nyumbani kwa huyo mkwe na kusemeshwa ana kwa ana. Wenzangu waliitoa zamani. Mimi nilikuwa naahirisha.

Nikapata hila. Audax anatamani pikipiki yangu, na amechoka na kizee kinachoiba ulezi. Tumebadilishana! Yeye kachukua pikipiki, mimi nimemchukua Bihogo. Hakuuliza hata kuhusu kuzima. Masikini Audax. Ameiendesha hadi kanisani na bado yuko huko.

Bihogo amepelekwa Nemba kwa fuso lililokuwa linafuata maharage. Simu imekuja: mama mkwe amempokea kwa vigelegele, na Bihogo alipofungwa tu zizini amekata kamba.

Jumapili, 27 Julai.

Mama mkwe amekula kwetu. Kwa mara ya kwanza! Alikaa kwenye kiti, mimi kwenye kiti. Nilimwona uso. Anafanana na Clarisse akiwa amechoka kunisikiliza. Tulizungumza kuhusu mvua, kwa kuwa hatukuwa na mazoea ya kitu kingine. Akaona ubao ulioota nyuma ya jiko na akasema kitu kilichoota hakitupwi, kimwagilieni. Kisha akaniuliza kama yule ndama alinilamba sana.

Nilisema kidogo tu.

Jumamosi, 2 Agosti. Mwanza.

Ufunguzi! Ukumbi ulijaa. Mbao kumi na mbili, taa juu ya kila moja. Watu walisimama. Wengine waliinamisha kichwa. Mama mkwe alikaa kwenye kiti katikati ya ukumbi, amevaa kitenge kipya, akipokea shikamoo kama askofu. Vibandiko vimeandikwa Kanyange na Ndizeye. Yeye kwanza. Nilimuuliza Bi Anneth kwa nini, akasema ni alfabeti. Nimeangalia alfabeti. Ni kweli.

Nilikuwa na furaha tupu, naapa. Ningelala nikiwa hivyo.

Ila wapakiaji wa fuso lililoleta mbao zetu Mwanza walikuwa wamebeba na ubao wa kumi na tatu, ule ulioota, kwa sababu ulikuwa umeegemea wenzake. Bi Anneth hakuutaka ukumbini. Aliuegemeza kwenye ujia, karibu na bomba la wahudumu wa usafi, na mmoja wao akawa anaumwagilia akidhani ni ua. Majani yamefika kiwiko.

Saa tisa mtu mnene mwenye suti alisimama mbele ya ubao huo muda mrefu. Ni Bwana Mhoja, anajenga hoteli kando ya ziwa. Ukumbini alipita tu. Hapa alisimama. Akaniuliza kama kazi hii ni yangu. Nikasema yangu, na ni kweli, kila tuta! Akauliza nyasi zinaotaje kwenye picha, na kwa nini zinafuata mistari.

Nikasikia sauti inasema: ni mbinu niliyoibuni mwenyewe baada ya miaka tisa ya utafiti.

Ilikuwa sauti yangu.

Anataka mbao sita za namna hiyo kwa ajili ya mapokezi ya hoteli. Atakuja Mbuba tarehe 15 Septemba, na mpiga picha, anione nikifanya. Tumeshikana mikono.

Ijumaa, 15 Agosti. Mbuba.

Wiki mbili za majaribio. Samadi ya ng'ombe wa kisasa wa Audax: uji, na haioti. Samadi ya ng'ombe wa Celestini, niliyoiomba kwa kumwambia ni ya bustani: inashika, haioti. Nimemwagilia kama mvua ya Aprili. Hakuna jani.

Nimefikiri sana na nimefikia uamuzi wa kitaalamu. Ni damu ya Bihogo. Ng'ombe mwingine hana uwezo huo.

Na Bihogo yuko Nemba, katika zizi la mama mkwe.

Nikimwomba, atauliza ya nini. Nikimwambia, atataka kunisaidia, na kibandiko kitakuwa na majina mawili tena, na yeye kwanza. Hapana. Safari hii kazi ni yangu peke yangu. Audax ametukanana na pikipiki na hataki kuniona, kwa hiyo nitapanda basi la alfajiri Jumapili, na magunia mawili. Mama mkwe huwa kanisani hadi saa sita. Naingia zizini, nachota, natoka. Sijamwambia mtu yeyote, hata Clarisse. Mpango hauna tundu.

Nimetulia kabisa. Nafuu ya ajabu.

Clarisse anasema mama yake amepiga simu sasa hivi, anauliza kama Jumapili nitakula ndizi au ugali. Sijui kwa nini ameuliza. Nimesema ndizi.